Babu Alizaliwa Wapi? Kwanza Jua Nani Aliuliza

Niliwahi kukaa kibarazani na bibi mmoja aliyekwisha kupita miaka themanini. Pembeni yake alikuwapo mjukuu wake, kalamu mkononi, na daftari jipya alilonunua mahususi kwa ajili ya kuandika habari za ukoo.

"Bibi, babu yako wewe alizaliwa wapi?"

"Kwao."

"Kwao wapi, bibi?"

"Huko huko kwao. Juu."

Kijana akaandika alama ya kuuliza, akaizungushia duara. Nilimwonea huruma, lakini bibi hakuwa amekosea. Maisha yake yote hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu asiyejua "kwao" ni wapi. Waliokuwa wakijua hawakuwa na haja ya kutaja jina, na sasa wote wamekwisha kufa, na jina wameondoka nalo.

Wengi wetu tunaofuatilia asili ya wazee tunalichukulia jina la mahali kama anwani. Ukweli ni kwamba lile jina ni jibu. Kuna siku mtu alisimama mbele ya mtu mwingine, akaulizwa alikozaliwa, akajibu kwa kadiri alivyomwona muulizaji. Kwa jirani alitaja kitongoji, pengine mti tu. Kwa mtu wa ng'ambo ya mto alitaja kilima. Kwa karani wa mjini alitaja wilaya. Kwa ofisa wa bandari ya nchi ya mbali alitaja nchi nzima, na yule ofisa akaridhika. Hakudanganya hata mara moja. Ila kadiri muulizaji alivyokuwa mgeni zaidi, ndivyo jina alilopewa lilivyokuwa kubwa zaidi, na makaratasi mengi yaliyotufikia yaliandikwa na wageni.

Ndiyo maana mimi, nikiletewa karatasi yenye jina lisilojulikana, ramani huwa naiweka kando kwanza. Nataka kujua nani aliuliza na alikuwa anatafuta nini.

Nitasema jambo lisilopendeza: mtu aliyetuhifadhia majina madogo kuliko wote ni mtoza kodi. Padri aliandika parokia, jeshi likaandika mkoa, lakini anayetaka fedha ya shamba hana budi kujua ni shamba lipi hasa. Ufaransa ilianza kupima vipande vya ardhi vya nchi nzima mwaka 1807, wakati wa Napoleon, ili kugawa kodi ya ardhi. Ramani zile zimejaa majina ya mabonde, vichaka na pembe za mashamba ambayo mchora ramani ya barabara asingeyajali kamwe. Uingereza nayo ilipitisha sheria mwaka 1836 ya kugeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha. Kutokana na sheria hiyo zilipatikana ramani za parokia, na orodha zake mara nyingi zinataja jina la shamba moja moja, mwenye shamba na anayelitumia. Waliolipa walinung'unika. Vitukuu vyao leo wanashukuru.

Ireland ndiko tofauti hii inaonekana waziwazi. Kisiwa kile kimegawanyika katika vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vidogo kuliko shamba moja kubwa. Mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa mjini Dublin liliungua, na sehemu kubwa ya sensa za nusu ya kwanza ya karne ya 19 ikawa majivu. Sensa kadhaa zilizofuata ziliharibiwa na serikali yenyewe, na ya kwanza iliyosalimika kwa ukamilifu ni ya 1901. Lakini tathmini ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, iliyosimamiwa na Richard Griffith, ilikuwa imekwisha kuchapishwa vitabuni kati ya 1847 na 1864, na nakala zake zilikuwa zimetawanyika. Humo kila mshika ardhi ameorodheshwa chini ya kitongoji chake. Familia iliyoko Marekani, ambayo kaburi la mzee wao limechongwa neno "Ireland" na basi, leo inaanzia kwenye kitabu cha kodi.

Kinyume cha mtoza kodi ni yule aliyetaka mwili wa mtu. Huyo shamba halikumhusu. Katika biashara ya utumwa watu waliandikwa kwa jina la bandari au la pwani waliyopakiliwa. Brazili ilikuwa na watu walioitwa "Mina", kwa pwani iliyopewa jina kutokana na ngome ya Elmina, iliyoko Ghana ya leo, na wengine walioitwa "Benguela" au "Angola". Mauritius iliwaita "Mozambique" watu waliotolewa sehemu nyingi za upande huu wa mashariki ya Afrika, hata yule aliyetembezwa kwa majuma kadhaa kutoka bara ndipo akaiona bahari kwa mara ya kwanza. Mtu anayekuta neno hilo kwenye rejesta ya karne ya 19, akafungua ramani ya nchi ya Msumbiji ya leo na kuanza kutafuta kijiji, amekwisha kupotea kabla hajaondoka. Mnunuzi alitaka kujua alikonunulia. Alikozaliwa mtu hakukuwa na thamani yoyote kwake, hivyo hakuuliza.

Sasa wachukue watu wa aina hiyo hiyo, ubadilishe muulizaji. Mwishoni mwa miaka ya 1840, mjini Freetown, Sierra Leone, mmisionari Mjerumani aitwaye Sigismund Koelle aliketi na watu wapatao mia mbili, wengi wao waliokombolewa kutoka meli za watumwa, ili akusanye maneno ya lugha zao. Kwa kuwa alihitaji kujua kila lugha inasemwa wapi, aliwauliza mji wa kwao, miji ya jirani, na ni mwendo wa siku ngapi kutoka pale hadi mahali pengine panapojulikana. Kazi yake ilichapishwa 1854. Watu ambao kwenye daftari za wauzaji hawakuwa na kwao, humo wanatajiwa mji na majirani zake. Kumbe majina yalikuwapo midomoni mwao siku zote.

Ukishamjua muulizaji, lijue na sikio lake. Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa bila sababu, kwa sababu wanalisoma jina kwa ulimi wao badala ya ulimi wa mwandishi. Wajerumani waliandika "Mpapua", nasi tunasema Mpwapwa. "Udschidschi" inatisha kuitazama, ila mtu akiisoma kwa Kijerumani anasikia Ujiji, tena bila chenga. Mfaransa aliandika mahali hapo hapo "Oujiji". Mreno aliandika "Quiloa", nayo ni Kilwa. Karani aliandika alichosikia kwa herufi alizofundishwa shuleni kwao. Usilitazame jina sana. Mtafute mtu anayejua lugha ya karani, alisome kwa sauti, nawe ufumbe macho.

Kisha kuna viambishi, ambavyo mgeni hakuvielewa hata kidogo. Mzungumzaji akisema anatoka mahali fulani, mwisho wa neno unaweza kubeba "-ni", na karani akaiandika kama sehemu ya jina, au akaikata akidhani ni kigugumizi. R na L zikabadilishana viti. Wasafiri wa karne ya 19 walioingia bara la Afrika Mashariki mara nyingi waliandika jina la mtawala kama jina la kijiji, kwa kuwa waliambiwa wanakwenda "kwa fulani". Mtawala akifa, kijiji kilichoandikwa kinatoweka kwenye ramani ijayo, ingawa nyumba zipo na moshi unafuka. Wachache walibahatika. Mtawala Mirambo alifariki 1884, na Urambo, yenye jina lake, ipo hadi leo.

Kinachovuruga kuliko usikivu mbaya ni tafsiri. Katika Kiayalandi, lugha ya asili ya Ireland, kuna jina Baile an Mhuilinn, yaani makazi ya penye kinu. Huko Kerry, kusini-magharibi mwa kisiwa, jina hilo lilitafsiriwa, pakawa Milltown. Kaskazini mwa kisiwa likaandikwa kwa sauti tu, likawa Ballywillin. Maneno ni yale yale, lakini ramani ya Kiingereza inayaonyesha kama majina mawili yasiyo na undugu. Kwa hiyo bibi wa ukoo akisema "sisi ni wa penye kinu" na cheti kikasema kitu kingine kabisa, usiharakishe kusema bibi amechanganya. Inawezekana sana bibi ndiye mwenye jina, na cheti kina kivuli chake.

Norway wana mtego wao, nao naupenda kwa jinsi ulivyojificha mahali pa wazi. Mashambani mwao, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mtu alifuatisha jina lake na la baba yake kwa jina la shamba alilokaa. Akihama shamba, jina linahama naye: Ole Hansen Haugen akihamia Bakken anakuwa Ole Hansen Bakken. Sheria ya mwaka 1923 ndiyo iliyotaka jina la ukoo litulie. Wale waliokwenda Marekani kabla ya hapo walibeba jina la shamba na kulifanya la ukoo, na vitukuu leo wanatembea na mahali mfukoni bila kujua. Lakini mahali hapo ni alikozaliwa, au ni shamba la mwisho alikolala kabla ya kupanda meli? Jina lenyewe halisemi. Tena Haugen maana yake ni kilima kidogo, na Norway haina upungufu wa vilima vidogo.

Mkanganyiko huo wa alikozaliwa na alikotoka upo kwenye hati nyingi kuliko watu wanavyodhani. Orodha za abiria wa meli zilizokwenda Marekani ziliuliza makazi ya mwisho kwa miaka kadhaa kabla safu ya mahali pa kuzaliwa haijaongezwa, karibu mwaka 1907. Aliyesafiri 1899 baada ya kufanya kazi miaka miwili kwenye mji wa viwanda aliandikiwa ule mji wa viwanda. Kizazi cha nne sasa kinakwenda kuzuru mji huo, kinapiga picha mbele ya kituo cha treni, na babu wala hakuupenda.

Majina yaliyobadilishwa kwa amri nitayapitia haraka, kwa kuwa yanatisha watu kuliko yanavyostahili. Kinshasa ilikuwa Léopoldville hadi 1966, Kabwe iliitwa Broken Hill, na jina la Dar es Salaam lilipokuja miaka ya 1860 lilikuta Mzizima. Miji mikubwa haina shida, kila mtu anajua. Shida ni miji midogo iliyobadilishwa mara mbili. Chukua Stallupönen, mji wa Prussia Mashariki, iliyokuwa mkoa wa Ujerumani. Mwaka 1938 utawala wa Kinazi uliona jina hilo halina Ujerumani wa kutosha, ukapaita Ebenrode. Baada ya vita eneo likachukuliwa na Wasovieti, na 1946 mji ukawa Nesterov, na hadi leo upo Urusi kwa jina hilo. Mtu aliyezaliwa pale 1930 na kuandikishwa upya 1942, kisha akatafutwa na mjukuu wake leo, ana majina matatu ya mahali pamoja. Kamusi kubwa ya majina ya mahali ya Ujerumani ya Meyer, toleo la 1912 na 1913, inaijua Stallupönen. Ramani ya mwaka 1940 inaijua Ebenrode. Simu yako inaijua Nesterov.

Kutokana na mfano huo utaona kwa nini nasisitiza mwaka wa karatasi kuliko mwaka wa kuzaliwa. Jina linafuata siku lilipoandikwa. Babu kazaliwa 1930, lakini karani wa 1942 hakuwa na ruhusa ya kuandika jina la 1930. Ramani ya kutafuta ni ya siku ile kalamu ilipogusa karatasi, na mtu akiikosea hiyo atapekua miaka bila kuambulia kitu.

Kuna majina ambayo hayakubadilishwa na mtu, yalimezwa tu. Japani, kati ya 1888 na 1889, iliunganisha miji na vijiji kutoka 71,314 hadi 15,859, na mwishoni mwa karne ya 20 ikaanza tena: kutoka zaidi ya 3,200 mwaka 1999 hadi takriban 1,700 mwaka 2010. Vijiji vya zamani vikawa vitongoji ndani ya vitongoji, na majina yao yakabaki kwenye rejesta za ardhi na za familia. Tanzania, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya watu walihamishiwa vijiji vipya. Walikotoka pakabaki mahame, na Kiswahili kina neno hilo moja zuri kwa makazi yaliyoachwa. Hati iliyoandikwa baada ya hapo inaweza kutaja kijiji kipya kama mahali pa kuzaliwa pa mzee aliyezaliwa miaka arobaini kabla kijiji hicho hakijakuwapo. Karani alikuwa na orodha ya vijiji, na mahame hayakuwamo kwenye orodha.

Hapo ndipo ninapogombana na zana za kisasa. Programu nyingi za kutunza miti ya ukoo zinakukamilishia jina unapoandika. Unaanza herufi nne, zinakupa mahali panapojulikana leo, pamoja na mkoa na nchi, pazuri, pamenyooka. Unabofya. Kuanzia dakika hiyo jina lililokuwa kwenye karatasi halipo tena. Binamu anaiga, na binamu wa binamu anaiga, na baada ya mwaka mmoja watu arobaini wana uhakika wa jambo lililobuniwa na kompyuta. Dawa yake haihitaji elimu: andika jina kama lilivyo kwenye karatasi, na kosa lake, na nukta zake, kisha pembeni andika dhana yako kwa kalamu nyingine. Vipimo vya vinasaba navyo visikulevye. Vitakupa kanda, pengine jamaa wa mbali wa kumwandikia. Kisima cha babu havikijui.

Ninachokiamini mimi ni majirani wa jina. Jina moja peke yake, kama Haugen, linaweza kuwa mamia ya mahali. Majina matatu yaliyotajwa pamoja, shamba na kijito na kanisa, au kilima na soko na ukoo wa ng'ambo, hayapatikani pamoja ila mahali pamoja. Kwa hiyo usisome tu safu ya babu. Soma walioandikwa kabla yake na baada yake, mashahidi wa ndoa yake, wazazi wa ubatizo wa wanawe, waliosafiri naye chombo kimoja. Watu wa kitongoji kimoja walihama pamoja na kukaa pamoja, na kati yao mara nyingi yupo mmoja aliyekutana na karani mdadisi.

Maji nayo hushika jina kuliko nyumba. Kijiji kinahama, mtawala anakufa, serikali inaandika kibao kipya, lakini kijito kinaendelea kuitwa vile vile na wanaokivuka. Mahali pa kukitafuta si ramani peke yake. Mashauri ya mipaka ya mashamba ni hazina ambayo watafuta ukoo hawaigusi, wakidhani ni mambo ya mawakili. Watu wakigombania ardhi mbele ya hakimu hawasemi "huko juu". Wanataja jiwe, mti, mfereji, na jina la marehemu aliyelima upande wa pili.

Kule kibarazani, nilimwomba kijana anipishe kidogo. Nikamuuliza bibi, alipokuwa mdogo na kupelekwa kwa babu yake, maji walichota wapi. Akacheka, akataja kijito. Jina silitaji hapa, ni lao. Akasema kulikuwa na viwili, cha kuchota na cha kufulia, akataja na cha pili. Mbuzi walipelekwa wapi? Akataja mteremko. Ukivuka unafika kwa nani? Akataja nyumba tatu, na akaeleza kwa nini ya katikati ilikuwa haisemeshani na ya mwisho. Kijana aliandika hadi akageuza ukurasa. Lile swali la kwanza, alikozaliwa babu, hatukulirudia.

Ilichukua miezi. Kijana alipata nakala ya shauri la zamani la mpaka, lililopigwa taipu, karatasi imefifia pembeni. Mstari mmoja ulitaja kijito upande wa mashariki, na jina lilikuwa lile la bibi, ila lilikuwa na L pale bibi alipokuwa ametamka R. Akamsomea kama lilivyoandikwa.

"Nani kaandika hivyo?" bibi akauliza.

"Karani, bibi."

"Mgeni huyo."